Shangazi, Nimekinga Ndoo na Maziwa Hayaji

Shangazi, shikamoo. Nimetoka mjini, nimepata kazi ya ng'ombe huku Arizona. Nimeambiwa nikamue. Nimekinga ndoo chini ya kiwele, nimekaa kitako nasubiri. Hakuna kitu. Nimekosea wapi?
— Mgeni wa Ranchi

Marahaba, mwanangu. Chuchu huminywa. Usione haya, mwigizaji Buster Keaton naye alikaa na ndoo yake hivyohivyo katika *Go West*, filamu ya 1925. Pamoja na ushamba wake, alimtoa ng'ombe mmoja jiwe kwenye kwato, na kuanzia hapo Brown Eyes, ndilo jina la ng'ombe huyo, hakubanduka ubavuni mwake. Basi anza na kwato.

Karata nazo kaa nazo mbali. Katika filamu hiyohiyo Keaton alimshika kauboi akicheza rafu, akamwambia. Jamaa akamwelekezea bastola: maneno hayo yaseme huku unatabasamu! Sasa Keaton, asiyetabasamu filamuni, na tabasamu wapi na wapi? Alichukua vidole viwili, akasukuma pembe za mdomo juu. Fanya mazoezi mbele ya kioo.

Shangazi, nina kampuni ya reli New York. Mwanangu amesimika hema chumbani na anamtupia mtumishi wetu kitanzi kama ndama. Nimpeleke Magharibi akapone?
— Baba Mchovu

Mpeleke, ila ujue wenyeji watakavyompokea. Katika *Wild and Woolly* ya 1917, iliyoandikwa na Anita Loos, watu wa Bitter Creek wanataka tawi la reli kwa baba wa kijana anayeigizwa na Douglas Fairbanks. Mji wao umeshastaarabika, lakini kwa ajili ya kijana wanauvalisha ukale: ugomvi wa kupanga, wizi wa kupanga, na bastola yake inajazwa risasi baridi. Halafu wanatokea wezi wa kweli, na anayewaokoa ni huyohuyo waliyekuwa wakimcheka. Hapo Loos kanikosha. Lakini Wenyeji wa asili wa Amerika kufanywa vinyago vya kutishia watu katika filamu hiyo, hilo silisifu hata kidogo. Wewe baba, kabla ya kutia saini ya reli, uliza nani kalipia maigizo.

Shangazi, baba kachoshwa na dansi zangu za usiku, ananihamishia kwa mjomba shambani. Nigome?
— Mpenda Muziki

Usigome, funga sanduku. Harold Lloyd alifukuzwa nyumbani kwa kosa hilohilo katika *An Eastern Westerner* ya 1920, na huko Magharibi akakutana na binti aliyeigizwa na Mildred Davis. Mwaka 1923 Lloyd na Mildred wakaoana, na hiyo ndoa haikuwa ya filamu.