Ogeni Poda, Kazi Inaanza: Mwongozo kwa Wazazi wa Yangambi

Matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa, yameingia kwenye simu, poda imemwagwa, mtaa mzima una vichwa vyeupe kama baraza la wazee, na nyinyi, mama na papa, mmeimba mpaka sauti zimekauka. Vizuri sana. Sasa ogeni. Poda ikikaa kichwani siku tatu, mtoto ataanza kuamini kwamba kazi imekwisha, nanyi mtaamini naye. Kazi ndiyo kwanza inaanza, na sehemu kubwa ni yenu.

Kabla ya kufunga mzigo, shughulikieni mjomba. Kila ukoo una mjomba anayetaka mwanasheria au daktari. Mpeni kiti kizuri, mpeni lituma na samaki, msikilizeni mpaka amalize, mshukuruni, kisha mwandikisheni mtoto alikochagua mwenyewe. Atakayekesha na kitabu cha kemia ni mtoto. Mjomba wakati huo atakuwa amelala.

Na kama amechagua kilimo au misitu, msiwaambie majirani kwa sauti ya msiba. Mji wetu umesimama juu ya elimu hiyo. Wabelgiji waliunda taasisi ya utafiti wa kilimo, INEAC, mwaka 1933, na kituo chake kikubwa kikawa hapa. INERA iliyorithi kazi hiyo bado inatunza kahawa ya robusta, na nyumba ya mimea iliyokaushwa ina sampuli zaidi ya 100,000. Mwaka 2020 ulisimamishwa msituni mnara wa mita 55 unaopima jinsi msitu unavyovuta na kutoa hewa ya kaboni. Watafiti wanatoka Ubelgiji kuja kuupanda. Mtoto aliyezaliwa chini ya miti hiyo ana haki ya kuupanda pia, tena akiwa na daftari lake mwenyewe na jina lake juu ya utafiti.

Hata akichagua kilimo, bado ataondoka. Chuo chenye jina la mji wetu, IFA-Yangambi, kwa miaka mingi kimekuwa kikifundishia Kisangani, karibu kilomita 100 kutoka hapa ukipandisha mto. Huko huko kuna Chuo Kikuu cha Kisangani, kilichoanza mwaka 1963. Mmoja wenu amsindikize. Nasema mmoja, si msafara wa shangazi watano na mbuzi. Aone chumba, asalimiane na mwenye nyumba, aulize maji yanachotwa wapi na toleka, baiskeli ya abiria, hadi chuoni ni bei gani, kisha ageuze na boti la kwanza. Mzazi anayekaa wiki mbili ili kumzoesha mtoto anakula akiba ya mtoto, na mtoto hapati nafasi ya kuzoea.

Tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo masomo ya wengi yanapozama. Kulipa minerval, yaani ada ya chuo, si kumaliza malipo. Kuna chumba, silabus za kila mwalimu, fotokopi, kazi za vitendo, sabuni, usafiri. Kaeni na mtoto, andikeni yote kwenye karatasi moja, halafu mwambieni ukweli: hiki tunaweza, hiki hatuwezi, hiki tutakipata mchele ukiuzwa. Mtoto anayejua kwamba fedha itafika tarehe kumi na tano, hata kama ni kidogo, anapanga maisha yake. Aliyeahidiwa makubwa anakopa akiitegemea ahadi yenu, na siku ya mtihani anawakimbia wadai. Na mnapotuma kwa simu, tafadhali, tumeni na ya kutolea. Mtoto asisimame mbele ya kabini akipungukiwa franki mia tano kuifikia fedha yake mwenyewe.

Mfuko wa chakula nao una elimu yake. Mchele, mahindi makavu, samaki wa moshi, mawese kwenye bidoni iliyofungwa vizuri: hivi vinastahimili safari. Kwanga inavumilia siku kadhaa. Ndizi zilizoiva zitafika zikiwa kitu kingine. Andikeni jina la mtoto kwa rangi pande zote mbili za mfuko, na mpigieni simu boti likiondoka, kwa sababu boti likifika usiku mfuko haumsubiri mtu. Halafu ongezeni kidogo kwa ajili ya wale anaoishi nao. Wanafunzi wanapika sufuria moja, na siku mfuko wenu utakapochelewa, mtoto wenu atakula kutoka mfuko wa mama mwingine.

Simu: pigeni nyinyi, msibipu. Muulizeni kwanza amekula nini, amelala vipi, rafiki yake mpya anaitwa nani. Alama zitajitokeza zenyewe. Katika majuma ya kwanza ataitwa bleu, yaani mgeni wa chuo, na wakubwa watamchezesha. Nyimbo na vichekesho vitapita. Lakini akisema wamempiga, au wamemlazimisha kitu, msimjibu kwamba hata sisi tulipitia. Pandeni boti.

Na kwa binti, semeni hili kabla hajaondoka, papa akiwepo, tena papa ndiye aseme: mwalimu akitaka kingine badala ya kazi yako ili akupe alama, tupigie siku hiyo hiyo, na hapa nyumbani hakuna atakayekuuliza ulivaa nini. Wasichana wengi wananyamaza kwa kuogopa hasira ya nyumbani zaidi ya ile ya mwalimu. Ondoeni woga huo mapema, maana hila ya mwalimu wa namna hiyo hutegemea ukimya wao.

Jambo dogo kwa papa aliyesoma zamani: miaka mitatu ya graduat na miwili ya licence imepitwa na wakati. Kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022 nchi imeingia katika LMD, licence ya miaka mitatu kwanza, kisha master. Msimdharau kijana wa mwaka wa tatu kwamba bado ana graduat tu. Muulizeni awaeleze.

Likizo akirudi, atakuwa mwembamba na atakuwa na maneno mapya. Mwacheni alale kwanza; paa linalovuja limesubiri tangu mvua za mwaka jana, litasubiri hadi Jumatatu. Kisha tembeeni naye hadi kwa wazee waliofanya kazi INERA, wanaokumbuka kila shamba lilipandwa nini. Profesa hana silabus ya mambo hayo. Jioni mwombeni awafundishe somo moja, yeye asimame, nyinyi mkae. Ulizeni maswali. Mkichoka, muulizeni tranchi ya pili ya minerval inalipwa lini, na papa aiandike tarehe.