Jogoo wa Idi Iliyopita: Mitandao ya Kijamii Kisiwani Pemba

Mitandao ya kijamii, yaani programu za simu na kompyuta ambazo maudhui yake huandikwa, hupigwa picha na kusambazwa na watumiaji wenyewe bila kupitia kwa mhariri, haikukikuta kisiwa cha Pemba kikiwa na njaa ya habari. Kabla ya Facebook kuanzishwa mwaka 2004 na WhatsApp mwaka 2009, habari iliweza kutoka Konde, kaskazini ya kisiwa, asubuhi ikafika Mkoani, kusini, kabla ya adhuhuri, imekwisha kutiwa chumvi katika kila baraza iliyopitia, na hapakuwa na mtu aliyeuliza imepanda gari gani.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ni popobawa, jini ambalo uvumi wake ulivuma Pemba mwaka 1995, ukavuka bahari hadi Unguja, na kuwafanya watu wazima wenye nyumba na makomeo yao walale nje kwa makundi wakiota moto. Jini hilo, kwa mujibu wa waliolisimulia, lilikuwa na sharti: aliyetembelewa kisha akanyamaza angetembelewa tena, kwa hiyo ilimlazimu awatangazie wenziwe. Msomaji atatambua hapo utaratibu wa ujumbe wa mnyororo, ule unaomwamuru mpokeaji autume kwa watu kumi kabla ya alfajiri ama asubiri balaa, na ni haki kusema kwamba katika fani hii Pemba iliwatangulia wahandisi wa WhatsApp kwa miaka 14. Wahandisi hao walipotambua madhara yake, waliweka kikomo mwezi Januari 2019, kwamba ujumbe usipelekwe kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mkupuo, sharti ambalo popobawa hakuwahi kuwekewa. Hata hivyo kundi zima huhesabiwa kuwa mazungumzo mamoja, na tangu mwaka 2022 kundi moja linaweza kubeba watu 1,024, kwa hiyo uongo mmoja unaweza kuwafikia watu zaidi ya 5,000 kabla aliyeutuma hajamaliza kutafuna mhogo wake.

Uwanja ambamo mitandao hutoa mchezo wake mkubwa zaidi ni mwandamo wa mwezi. Mwezi wa Ramadhani, kama ilivyo miezi yote ya kalenda ya Kiislamu, huwa na siku 29 au 30, na usiku wa kuamkia siku ya thelathini ndio usiku ambao simu za kisiwa kizima hupata joto, kwa kuwa wako wanaongoja tangazo la Mufti wa Zanzibar, wako wanaofuata mwandamo wa Saudi Arabia, na wako wanaofuata lolote litakaloruhusu pilau. Katika saa hiyo hutokea ujumbe usio na tarehe wala jina la mwenyewe, unaosema kwamba mwezi umeonekana na kesho ni Idi; nao ni ujumbe wa kweli kabisa, kasoro yake ni kwamba ni wa mwaka juzi. Nyumba iliyouamini humchinja jogoo, huchoma vileja na kuwaogesha watoto, huku nyumba ya pili, inayotenganishwa nayo na ua wa makuti tu, ikila daku kwa utulivu. Tangazo rasmi likija kwamba Ramadhani itatimia 30, jogoo hana rufaa, na familia hufunga siku nzima ikinusa mchuzi wake.

Baya zaidi kuliko uongo, kwa jamii iliyolelewa kwa staha, ni ukweli unaotolewa bila ruhusa. Mwezi Novemba 2014 WhatsApp ilileta alama mbili za buluu, ambazo humjulisha mtumaji kwamba ujumbe wake umekwisha kusomwa, na kwa hatua hiyo ndogo ikaua udhuru wa kale wa “ami, sikupata habari”, uliokuwa umeokoa undugu mwingi wakati wa michango ya harusi. Mwaka 2017 ikaja huduma ya kufuta ujumbe kwa wote, iliyokusudiwa kumstiri aliyekosea kundi. Lakini mahali palipofutwa hubaki maandishi yanayosema kwamba ujumbe umefutwa, na khaloo aliyeisema vibaya pilau ya wakwe mbele ya wakwe wenyewe huachwa na jambo zito zaidi, kwa sababu kila asiyewahi kuusoma huutunga upya kwa namna anayoona inafaa.

Faida, nazo ni za kweli, hazina ucheshi mwingi. Ukoo wa Kipemba umetawanyika Unguja, Tanga, Mombasa na Muscat, na kwa kuwa maziko ya Kiislamu hayacheleweshwi, zamani aliye mbali alipata taarifa ya msiba matanga yakiwa yamekwisha kuondoka. Leo huomba dua pamoja na wenziwe siku ileile. Mchumaji aliyeanika karafuu majamvini hupigiwa kelele na kundi kwamba mvua imekwisha kuipiga Wete, akawahi kuzikusanya, ilimradi ujumbe wenyewe usiwe wa sauti wa dakika nne ambao tatu za mwanzo ni salamu. Ikichunguzwa vyema, mitandao hufaa pale msemaji anapojulikana kwa sura na jirani anaweza kumwendea mlangoni kumuuliza, na huharibu pale neno linapofika likiwa yatima.

Mara nyingine mitandao yenyewe hunyamaza: tarehe 4 Oktoba 2021, baada ya magharibi kwa saa za Afrika Mashariki, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika duniani kote kwa takribani saa sita. Kampuni inayozimiliki zote tatu ilieleza baadaye kwamba chanzo kilikuwa mabadiliko yenye kasoro katika mitambo yake. Mwenye simu asiye na habari hiyo alilaumu bando.