Mashine Hupimwa kwa Umbali wa Fundi

Buruburu, Umoja na Donholm kumejaa wakulima. Huwatambui kwa sababu asubuhi wanavaa tai na kugombania matatu kama watu wengine, lakini wengi wao wana ekari mbili tatu huko Kamulu, Joska au Malaa, kando ya barabara ya Kangundo, walizonunua wajenge nyumba za uzeeni. Pesa za msingi zilipochelewa, familia iliketi, ikaamua shamba lisikae bure, ikapanda Boma Rhodes: nyasi zenye jina la Cecil Rhodes, bwana ambaye shamba dogo halikumtosha hata siku moja. Wateja hawako mbali. Kayole na Dandora kuna watu wanaofuga ng'ombe nyuma ya nyumba, na Kiamaiko kuna mbuzi ambao lazima wale mpaka saa yao ifike. Kwenye karatasi hesabu inakubali. Inaanza kukataa familia inapotafuta vifaa, maana vifaa vinavyolingana na ekari tatu na mshahara wa Nairobi ni vile vilivyokuwa vikifanya kazi kabla baba mwenyewe hajabaleghe. Watu huwacheka. Mimi nashikilia kwamba familia hizo zina akili kuliko wanaozicheka, na kwamba mashine haipimwi kwa umri wake, hupimwa kwa umbali kati yake na fundi anayeijua.

Tuanze na shtaka kubwa, kwamba vifaa vikuukuu huharibika siku ya mavuno. Ni kweli, lakini hiyo ndiyo siku pekee vinapofanya kazi. Trekta iliyoegeshwa chini ya mgunga miezi mitano haina nafasi ya kuharibika. Itangoja nyasi zianze kutoa maua, zikatwe, zilale chini siku mbili tatu zikauke, wingu zito litokeze upande wa Kilimambogo, ndipo ipasue paipu ya haidroli. Mjomba atasema ni jicho la mtu. Ni hesabu tu: chombo kinachoamshwa siku chache kwa mwaka hakina siku nyingine ya kuugua. Anayetaka kuona tabia hii kwa karibu aitazame mashine ya kufunga marobota, pale penye kifaa cha kupiga fundo. Ni chuma kidogo chenye mdomo uliopinda. Kazi yake ni kuzunguka mara moja, kujiviringishia kamba za katani, kufunua mdomo na kuuma ncha, kisha kisu kikate na fundo livutwe litoke. Mmarekani John Appleby alibuni mtambo wa namna hii katika miaka ya 1870, na wazo lenyewe halijabadilika sana. Springi ikilegea kidogo tu, mdomo hauumi sawasawa. Upande mmoja unafunga, wa pili unagoma, na robota linatoka na kamba moja, linasogea kidogo kwa heshima zote, halafu linafumuka lote mbele ya shangazi aliyekuja kuhesabu.

Sasa tazama tiba yake. Baba anakifungua kifaa kwa spana mbili, anakivingirisha kwenye gazeti na kupanda nacho matatu mpaka Kariobangi Light Industries. Fundi anakigeuzageuza, anaguna, anauliza hiki ni cha gari gani. Hajawahi kuona nyasi zikifungwa, lakini chuma kilicholika anakijua. Anajaza kwa kuchomelea, anapiga tupa, anakereza bushi mpya, na anakataa kutoa risiti. Ujuzi huo haukuanza jana. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu ajira nchini Kenya ndiyo iliyoeneza duniani habari za sekta isiyo rasmi, na mwaka 1985 Rais Moi alifika kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji akawaahidi vibanda. Nyundo zilikuwa zimeshalia pale miaka mingi bila ripoti wala ahadi. Ndiyo maana Massey Ferguson 135, trekta iliyoanza kuundwa mwaka 1964, bado iko shambani. Kiwanda chake cha Coventry, Uingereza, kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini injini yake ya Perkins ya silinda tatu inafunguka kwa spana za kawaida, na spea huuzwa barabara ya Kirinyaga. Mzazi alishazikwa, mtoto analelewa na mafundi wa Eastlands.

Hapo watakuja watu wa kipya kinyemi: chukueni mkopo, nunueni mashine mpya. Mkopo hudaiwa kila mwezi, nyasi hudai mvua, na hawa wawili hawajawahi kuonana. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana ikiwa haba katika sehemu kame za Kenya, na sijasikia benki iliyotangaza kwamba nayo imekauka, wadaiwa wapumzike. Zaidi ya hapo, mashine mpya imejaa sensa na kompyuta. Huko Marekani wakulima walilia na jambo hili mpaka jimbo la Colorado likapitisha sheria mwaka 2023, ikaanza kutumika Januari 2024, ya kuwalazimisha watengenezaji wawape wakulima vitabu, vifaa na programu za kujitengenezea mashine zao. Mkulima wa Colorado imembidi apitie bungeni ili apate kurekebisha mali yake mwenyewe. Mkulima wa Umoja anaazima spana namba 19 kwa jirani, na kesi pekee inayomngoja ni ya kuirudisha.

Wenye busara zaidi husema: basi kodisheni. Ni hoja nzuri, ila nyasi za eneo moja huiva wiki moja, na mwenye trekta ya kukodisha huanza na mwenye ekari mia, kama ambavyo mimi na wewe tungefanya. Mwenye ekari tatu ataambiwa "niko njiani", na hataambiwa ni njia ya kwenda wapi. Nyasi zilizokatwa hazijui kusubiri. Zikinyeshewa hupoteza virutubisho, zikifungwa mbichi hushika joto na ukungu, na mnunuzi wa Kayole hunusa kabla ya kuuliza bei.

Hoja moja siicheki nayo ni usalama. Shafti ya nyuma ya trekta huzunguka mara 540 kwa dakika, na kwa mashine nyingi kuukuu kinga yake ilishavunjika na kutupwa. Koti refu au leso ikinaswa hapo, hakuna anayewahi kuzima injini. Lakini kinga ni kitu cha kutengenezwa, na Kamukunji, wanakotengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi, kuna wa kuipinda na kuichomelea. Asiyeiweka asisingizie umri wa trekta. Na mwenye ekari moja hana haja na mashine ya kufungia hata kidogo. Sanduku la mbao lisilo na kifuniko wala kitako, lenye sentimita 85 kwa 55 kwa 45, linamtosha: unatandika kamba, unajaza nyasi, unamrusha juu kijana asiyetaka kutoka kwenye simu akanyage, unafunga, unapata robota la kilo 20 hivi. Hakuna dizeli wala springi, na likivunjika fundi wake ni mtu yeyote mwenye msumari.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukipelekwa kuonyeshwa mashine ya nyasi, usihangaike na mwaka iliyoundwa. Uliza nani ataitengeneza, yuko wapi, na kama hufungua Jumapili, kwa sababu shamba la familia huvunwa Jumapili.