Namna ya Kuwa Jirani Mwema Ukiwa Chuo Kikuu

Chuo Kikuu, karibu Bukoba. Habari zako tunazo. Kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inajengwa Itahwa, kata ya Karabagaine, kupitia mradi wa elimu ya juu wa HEET ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, fedha ambazo vyuo vya umma nchi nzima vimegawana. Karabagaine ni Bukoba Vijijini, lakini wewe unajua na sisi tunajua utakakolala. Wanafunzi wako watatafuta vyumba kwetu Kashai, Bukoba Mjini, watanunua ndizi soko la Kashai, watapanda bodaboda za Kashai, na mwisho wa mwezi watadaiwa na maduka ya Kashai. Ndiyo maana mwongozo huu tumeuandika mapema, kabla rangi haijakauka ukutani.

Anza kwa kuja bila bango. Mabango unayo, yenye picha ya mkubwa fulani akipanda mti huku watu kumi wakimpigia makofi. Sisi miti tunayo. Tumezaliwa katikati ya migomba na mibuni. Njoo na mtu mmoja tu, apite kwa mwenyekiti wa mtaa, asalimie vizuri, akae, aulize: hapa kinachowasumbua ni nini? Kisha asikilize mpaka mwisho, hata kama mzee ataanza na mafuriko ya mto Kanoni na kumalizia na mahari ya binti yake. Mtu anayetaka kujua mafuriko yanaingia nyumba zipi hana budi kuisikia na mahari.

Mzee ukimtaja, tanguliza "Ta" mbele ya jina lake, na mama tanguliza "Ma". Shahada yako ya uzamivu haitapungua kwa hilo. Msiba ukitokea mtaani, funga daftari uende msibani. Na msimu wa senene ukifika, mwezi wa 11, usipange mkutano wa wadau jioni. Hakuna atakayekuja, na wewe pia hutakiwi kuwepo ukumbini.

Sasa tuje kwenye dodoso, maana hapa ndipo vyuo vingi vinapojiharibia. Mkoa wetu wa Kagera umezoea kuhojiwa. Kati ya mwaka 1991 na 1994, Benki ya Dunia na wasomi wa chuo cha tiba cha Muhimbili walizitembelea kaya zaidi ya 900 za mkoa huu, na nyingi walizifikia hadi mara nne. Waliuliza nani amelala ndani, nani amezikwa, mnakula nini, mmeuza kahawa kiasi gani. Mwaka 2004 watafiti wakaja kuwatafuta watu walewale, wakiwafuata hata waliohamia Mwanza, Dar es Salaam na Uganda. Mwaka 2010 wakarudi tena. Hadi leo wachumi wa dunia nzima wanazitumia takwimu hizo. Mwaka 2011 Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon waliandika kutokana nazo kwamba kuhama kulimwongezea mtu pointi 36 za asilimia katika ukuaji wa matumizi yake, akilinganishwa na nduguze waliobaki nyumbani.

Namba hiyo inaihusu Kashai moja kwa moja. Nusu ya unaowakuta sokoni kwetu wana kijiji kingine walikotoka: Kamachumu, Kanyigo, Nshamba, Izigo. Kila familia ya Kihaya imewahi kubishana usiku kucha kama kijana aondoke au abaki alinde kibanja, yaani shamba la migomba, cha babu yake. Wasomi wamelipima jambo hilo kwa miaka 13 na wakapata namba. Basi namba hiyo ifike mezani pa familia inayobishana! Kila utafiti utakaoufanya hapa, Chuo, utengee fungu la kurudisha majibu: kurasa mbili za Kiswahili chepesi, mkutano mmoja wa mtaa, na kipindi kimoja redioni, kwa Kiswahili na ukiweza kwa Kihaya. Hesabu gharama hizo tangu unapoandika andiko la kuomba fedha. Usisubiri kuangalia kama kutabaki chochote.

Kwamba chuo kinaweza kututumikia, tunajua, kwa sababu kazi kubwa kuliko zote za chuo cha umma hapa kwetu ilifanywa wakati mgumu kuliko yote. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983 katika hospitali ya Ndolage, wilayani Muleba. Wakati huo ugonjwa tuliuita Juliana, kwa jina la nguo zilizoletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda, na watu walikuwa wakizika bila kujua wanazika kwa sababu gani. Mwaka 1987 Japhet Killewo na wenzake wa Muhimbili, ambacho wakati huo kilikuwa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walishirikiana na Chuo Kikuu cha Umeå cha Sweden kupima damu nyumba kwa nyumba. Bukoba Mjini walikuta asilimia 24.2 ya watu wazima wana virusi. Hawakuishia hapo. Walirudi mwaka 1993, ikawa asilimia 18.3. Wakarudi mwaka 1996, ikawa 13.3. Gideon Kwesigabo aliitetea tasnifu yake kuhusu mwenendo huo kule Umeå mwaka 2001.

Tazama walichokifanya. Walikuja kwenye swali lililokuwa linatuua. Walirudi mahali palepale, mara ya pili na ya tatu. Na namba zao zilithibitisha kwamba watu wa Bukoba walikuwa wanabadilika, wakati dunia ilikuwa imeshatuandika kama watu wa kufa. Ukitaka kipimo cha utumishi wa chuo kwa jamii, anzia hapo.

Kuna somo jingine kule Katuruka, Maruku. Mwanaakiolojia Peter Schmidt, mmoja wa walioanzisha masomo ya akiolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1985, alichimba pale tangu karibu mwaka 1970 akifuata simulizi za wazee juu ya mfalme Rugomora Mahe na mti wa Kaiija. Chini ya ardhi alikuta mabaki ya ufuaji chuma wa zaidi ya miaka 2,000. Miaka ikapita, wazee wengi wa simulizi wakafa, wengine kwa UKIMWI. Wazee waliobaki hawakumngoja mtu wa mradi. Walianza wenyewe kuhifadhi eneo lao na kukusanya simulizi zilizosalia, na yule profesa akaalikwa kusaidia. Wao ndio walioweka ajenda, naye akachukua kalamu. Mpango huo uige, Chuo, hata kama kwenye fomu zako hakuna kisanduku cha kuandika kwamba mkuu wa mradi ni mzee wa kijiji.

Wanafunzi wako wa kilimo tuletee Muleba, lakini waje na mti wenye panda. Mnyauko wa migomba uliingia Muleba mwaka 2006, na kinga yake ya kwanza ni kulivunja ua dume kwa panda badala ya kulikata kwa kisu, kwa kuwa kisu kinabeba ugonjwa kutoka mgomba mmoja hadi mwingine. Wapitie kwanza kituo cha utafiti cha Maruku, wasijifanye wao ndio wa kwanza kuugundua mgomba.

Wa sheria ndio tunaowahitaji kuliko wote. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, alirithishwa shamba na baba yake kwa wosia, akaliuza mwaka 1988, na mpwa wake akamshtaki mahakama ya mwanzo Muhutwe kwamba mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Kesi ilifika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mwanamke ana haki ileile ya mwanamume. Hukumu hiyo inafundishwa hadi vyuo vikuu. Lakini mpaka leo mjane anaweza kuambiwa na shemeji zake afungashe mizigo kabla matanga hayajaisha, naye hajui kama hukumu hiyo ipo. Weka meza moja, wanafunzi wawili na mwalimu wao, kila Jumamosi karibu na soko. Usiite semina. Mjane haendi semina, lakini sokoni anakwenda.

Mengine ni madogo. Bwalo lako linunue ndizi na dagaa wa hapa. Maktaba yako iwafungulie watoto wetu wa kidato cha nne siku za mwisho wa wiki. Vibarua wasitoke mbali wakati vijana wa Karabagaine wamekaa kijiweni.

Na utafiti wako wa kwanza ukikamilika, kabla hujaupeleka kwenye jarida lolote, leta nakala ya Kiswahili ofisi ya kata ya Kashai. Ubao wa matangazo upo, gundi tutatoa sisi.