Namna ya Kunyamazisha Diski Kongwe na Kulipwa kwa Heshima

Fundi mwenzangu! Umefungua kibanda chako Tegeta, kati ya muuza vocha na mchomelea mageti, na leo mzee mmoja mstaafu ameshuka kwenye bajaji akiwa amekumbatia kompyuta yenye umri wa kukuzaa. Aliinunua kwenye mnada wa ofisi aliyoitumikia, na ndani yake mna hesabu za chama cha kuweka na kukopa pamoja na barua zote alizowahi kumwandikia mkurugenzi. "Inapiga kelele," anasema. Mpe shikamoo yake, mpe na kiti, wala usimuulize ni kelele za namna gani. Fundi anayeuliza ameshajipunguzia bei.

Hatua ya kwanza: sikiliza kama daktari. Weka ncha ya bisibisi ndefu juu ya diski na mpini wake sikioni, kisha fumba macho. Mimi na wewe tunajua kelele zenyewe ni tatu tu. Kuna mlio mwembamba unaokuja na kukatika, kama bawaba ya mlango isiyoonja mafuta. Kuna mvumo mzito unaosikika mashine ikiwa ya baridi na kupungua ikipata joto. Huo ni wa beringi zilizokauka. Kuna ta-ta-ta ya vichwa vya kusomea vinavyotafuta njia bila kuiona. Hapo mota haina kosa, diski yenyewe ndiyo inaaga. Mbele ya mteja zote zina jina moja: "Mzee, hapa kuna shida ya mfumo." Sijaona mtu aliyebishana na mfumo.

Hatua ya pili: omba Mungu iwe ile kelele nyembamba, maana ndiyo yenye pesa. Chukua mfano wa Seagate ST-225, diski ya miaka ya 1980, megabaiti 20, nzito kuliko chakula chako cha mchana. Igeuze chali. Katikati, kwenye ncha ya mhimili wa mota, utaona kijibapa cha chuma chembamba chenye nukta ya kaboni. Kazi yake ni kuuondoa umeme tuli kwenye mhimili unaozunguka mara 3,600 kwa dakika. Miaka inavyokwenda kaboni inalika, kijibapa kinaanza kutetemeka, na mtetemo huo ndio mlio wote uliomtoa mzee wa watu nyumbani kwake. Dawa ni kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, kikubwa kama ukucha wa mtoto mchanga, kibandikwe mgongoni mwa kijibapa. Au tone moja la oili ya cherehani kwa ncha ya sindano. Basi, umemaliza.

Sasa ona hatari iliyopo. Ukimaliza mbele yake atakulipa kazi ya dakika tano. Acha hivyo. Rudisha skrubu, kunja uso, sema kifaa kinabaki hadi Ijumaa. Usitaje Ijumaa ipi.

(Wapo wanaokikata kijibapa kabisa. Kelele inaisha papo hapo, na umeme tuli unajitafutia njia nyingine, pengine kupitia kwenye beringi. Lakini hayo ni mambo ya mwakani, na mwakani kibanda chako kitakuwa Bunju.)

Hatua ya tatu: nenda Kariakoo. Si lazima uende kwa miguu yako. Inatosha kusema umekwenda. Mota ya diski hii haiuzwi peke yake, imefungwa pamoja na beringi zake, na kiwanda hakikukusudia mtu aiguse. Ndiyo maana safari hiyo ina faida: kitu kisichopatikana hakina bei elekezi.

Akianza kunung'unika kwa kucheleweshwa, mpe historia. Mwambie Wizara ya Fedha ilipata kompyuta yake mwaka 1965, kisha mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na televisheni zikapigwa rungu hilo hilo. Ni kweli tupu, na kweli ndiyo inayofaa kudanganyia. Halafu shusha pumzi: "Sasa kwa msingi ule, Mzee, vipuri tutavitoa wapi?" Atatikisa kichwa. Mtumishi mstaafu anaweza kumgombeza fundi, lakini sera ataisikitikia.

Hapa weka akiba nyingine. ST-225 haiegeshi vichwa vyake yenyewe. Mwenye mashine hutakiwa kutoa amri ya kuviegesha kabla ya kuzima. Muulize kwa upole, "Uliviegesha, Mzee, kabla ya kupanda bajaji?" Hakuviegesha. Kuanzia sasa kila kitakachoharibika kimeharibiwa na mashimo ya barabarani.

Hatua ya nne: kifuniko cha juu. Utatamani kukifungua ili umuonyeshe sahani zinavyong'aa, naye atatamani kuziona. Fungua tu, kama unataka kufunga kazi mapema. Vichwa huelea juu ya sahani kwa nafasi isiyofika sehemu moja ya elfu ya milimita, na kibanda chako kiko jirani na Wazo, ambako simenti inatengenezwa tangu 1966. Punje moja ya vumbi hilo ikikaa njiani, kichwa kinaivaa kwa kasi ile ile, kinakwangua sahani, na hesabu za chama zinageuka unga. Uliombwa uondoe kelele, nawe umeziondoa.

Kama ni beringi, usihangaike. Mafuta hayafiki zilipo. Puliza WD-40 kwenye kasha la nje, mzee akiwa anatazama, kwa sababu kopo hilo analijua na litamtuliza. Sponji ya godoro nayo hupunguza mvumo, na joto likishaua diski hutasikia kitu.

Ila jambo moja lifanye kweli, tena kabla hujagusa skrubu: nakili kila kilichomo. Disketi 15 hivi za megabaiti 1.44 zinatosha, mzigo mzima haufiki picha kumi za simu yako. Usimwambie. Diski ikimfia, atarudi na uso umemshuka, na hapo ndipo utakapovuta droo taratibu: "Nilikesha, Mzee." Kukesha kuna bei yake.

Yamebaki makabidhiano. Washa mashine wakati jirani anakata nondo kwa grainda, kisha muulize kwa sauti kubwa kama anasikia mlio wowote. Umeme ukiwa umekatika ni bora zaidi. Mkabidhi, mwambie aweke sikio mwenyewe. Garantii mpe ya maneno, kwa sharti la kutoifungua, kutoitikisa na kutoiwasha mara kwa mara.

Akiuliza bei, usitaje. Inama kidogo, sema, "Wewe ni baba yangu, nitoe tu unavyoona." Atatazama kulia na kushoto, na hataweza kutoa noti ya elfu tano mbele ya vijana wote wa bodaboda uliowaachia benchi lako wakae bure.