Kwa Heshima ya Gari Linaloburuza Tumbo

Washairi wetu wamelisifu jahazi, wameusifu mnazi, wamemsifu mke mwema. Hakuna aliyeinama akatazama uvungu wa gari dogo. Naona hiyo ni dhuluma, maana sijui kiungo kingine cha chombo cha usafiri kinachoutumikia umma kwa unyenyekevu kiasi hicho, na kwa kelele kiasi hicho. Krrrrr. Kila mkazi wa Dar es Salaam anayemiliki IST, Passo au Vitz anaijua sauti hiyo, na akiisikia hukaza meno hata kama linaloburuzwa ni gari la jirani.

Fadhila ndogo nitazipitia haraka. Gari la chini hufundisha ucha Mungu: abiria ambaye hujamsikia akitaja dini tangu mmetoka Kimara hutamka Bismillahi mbele ya tuta, na Mkristo wa siti ya nyuma humalizia kwa njia yake. Linalisha gereji. Linamkatisha tamaa mwizi, kwa sababu halifiki mbali. Na linaimarisha undugu, jambo ambalo lina maelezo yake, kwani mpaka umiliki gari la chini huwezi kuujua kwa usahihi uzito wa jamaa zako.

“Shangazi, samahani, tushuke kidogo hapa. Tuta baya.”

“Tushuke au nishuke?”

“Sote, shangazi.”

“Mbona mkeo bado kakaa?”

Basi watu wazima wanateremka na vikapu vyao, gari tupu linapanda tuta kwa mshazari, gurudumu moja baada ya jingine, na ukoo mzima unalifuata nyuma kimya kimya kama unasindikiza jeneza. Upande wa pili wanapanda tena. Mita mia mbele kuna tuta lingine, na hapo shangazi anatangaza kwamba atatembea mpaka nyumbani.

Lakini fadhila kuu, ambayo ingetosha hata kama hizo nyingine zisingekuwapo, ni elimu. Gari la chini ni msomi. Magari mengine hupita barabarani. Hili huisoma barabara, tena kwa tumbo. Magari madogo ya Kijapani yanayoshushwa bandarini kwetu huwa na nafasi ya sentimita 13 mpaka 16 hivi kati ya ardhi na kile kilichoning'inia chini kuliko vyote. Kwao hiyo ni ziada: ukaguzi wa lazima wa magari nchini Japani huridhika na sentimita 9. Mhandisi aliyelichora alidhani litapita juu ya lami, na kwa pale alipokaa hakuwa na sababu ya kudhani vinginevyo. Mtanzania naye amelinunua kwa sababu ushuru hupanda kadiri injini inavyokuwa kubwa, na mafuta yanapanda bila kusubiri injini. Mpakie humo watu wanne na gunia la mchele wa Kyela. Springi zinalala, zile sentimita 15 zinabaki kumi, na chombo cha kupimia kazi za umma kiko tayari.

Vipimo vyake huvitunza mwenyewe, chini huko, na msomaji wake ni fundi. Nimewahi kujilaza kando ya fundi juu ya boksi lililokunjuliwa, tukasoma pamoja. Mkwaruzo mpana wenye vumbi jeupe: saruji, tuta la mkandarasi. Mfereji mwembamba wenye kina: jiwe lililochomoza kwenye kifusi baada ya mvua za masika. Doa jeusi linalong'aa: lami, lile tuta lililoongezwa juu ya tuta la zamani kwa sababu fedha ilikuja kabla ya fikra. Na bonde lile kubwa kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini? Fundi akalipapasa kwa kidole gumba. “Hili la usiku,” akasema. Hakukosea. Mwanahistoria wa karne ijayo atakayetaka kujua kata ipi ilipata fedha za barabara na ipi iliahidiwa, asihangaike na nyaraka. Aombe sampo. Makumbusho ya Taifa ingefaa kutenga chumba kimoja, sampo zitundikwe ukutani kwa mpangilio wa kata, na mwongozaji mwenye fimbo awaonyeshe wanafunzi: hii ya Goba, kabla ya mvua, hii ya Goba, baada ya mvua, hii ya Mbagala, kipindi cha kampeni, angalieni jinsi mikwaruzo ilivyopungua kwa miezi miwili kisha ikarudi.

Sikio likizoea, hata kuinama si lazima. Krrr fupi na kavu ni ekzosi, gharama yake ni ya kuchomelea tu. Ngo! moja nzito ni bamba la kinga, shukuru Mungu uliliweka. Shwaaa ndefu inayoanzia mbele ni bampa, na sehemu ya bampa hiyo utaikuta kesho imeshikilia mlango wa banda la kuku la mtu. Kisha kuna ile isiyofuatwa na sauti yoyote, ila taa ndogo nyekundu yenye umbo la birika kwenye dashibodi. Hiyo ikiwaka, kaa pembeni, zima injini, na anza kutafuta nauli.

Kwa usomi wake huo, gari la chini limegundua jambo ambalo Waingereza waliligundua kwa kutumia maabara. Mwaka 1973, mtafiti aitwaye Watts, wa maabara ya serikali yao ya utafiti wa usafiri na barabara, alitoa ripoti kuhusu matuta ya kupunguza mwendo. Tuta lililotokana na kazi yake lina umbo la upinde, kimo cha sentimita 10, na kutoka linapoanza mpaka linapoishia ni mita 3.7. Sasa ipige hesabu. Kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ya IST kuna mita 2.5. Likiwa katikati ya tuta hilo, magurudumu yote manne yanakuwa juu ya mgongo huohuo, na nundu inayoingia chini ya tumbo haifiki hata sentimita 5. Linapita limejaa, na shangazi amekaa. Chukua tuta letu: upana wa hatua moja, kimo cha sentimita 15, pengine 20. Gurudumu la mbele limeshashuka ng'ambo, la nyuma halijaanza kupanda, na tuta zima, kwa kimo chake chote, liko chini ya sampo. Kwa hiyo kila anayeniambia gari langu liko chini, namjibu kwamba gari langu liko pale lilipotengenezwa.

Arthur Holly Compton, aliyepata Nobel ya fizikia mwaka 1927, hakuona aibu kukaa na penseli kulishughulikia suala hili: mwaka 1953 alisanifu mwenyewe matuta ya barabara katika Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, chuo alichokiongoza kwa miaka kadhaa. Kwetu kazi hiyo hufanywa na toroli mbili za kifusi na kijana aliyeambiwa “mwaga hapo”.

Sidai kwamba kuburuza ni mateso yetu peke yetu. Marekani kuna nyumba za magurudumu zenye urefu wa futi 40, mtu anasafiri na jiko, kitanda na choo chake, na ule mkia mrefu uliochomoza nyuma ya ekseli unakwaruza lami kila anapotoka kituo cha mafuta chenye mwinuko. Wapo waliofunga vigurudumu vya chuma chini ya mkia, ili kama ni kuburuza, kuwe na ustaarabu. Sawa. Lakini yule anaburuza akiwa likizo. Hajachelewa kazini, na hana gunia la mchele wa Kyela.

Dawa ya mtaani ni spesa. Fundi anaweka vipande juu ya springi, gari linanyanyuka vidole viwili, na kuanzia siku hiyo linapinda kona kwa wasiwasi. Tuiache.

Kwa mujibu wa kanuni za sifa, hapa ningepaswa kulisifu tuta lisilopakwa rangi. Nimejaribu. Siwezi! Tuta jeusi juu ya lami nyeusi, saa mbili usiku, bila kibao, bila mstari, bila taa, limewekwa leo kwenye njia uliyopita jana kwa amani yako! Sampo inapasuka, oili inamwagika njia nzima, na ukiwa unaongea na watoto hukuiona ile taa nyekundu, injini inakufa mkononi mwako. Fundi anakuangalia kwa huruma: “Bosi, hii haichomeleki tena. Hapa hakuna sampo, kuna machomeleo.” Nani analipa? Ukiuliza ofisi hii unaambiwa barabara si yao. Ofisi ile inakubali barabara ni yao, lakini tuta hawalijui. Mkandarasi aliondoka zamani. Mjumbe anasema yeye alipokea maelekezo, na aliyeyatoa hakuacha jina. Kitu kina sentimita 20 za saruji, kinaonekana kwa kila mtu isipokuwa dereva wa usiku, na hakina mwenyewe.

Turudi kwenye heshima. Mara nyingi wanaoliweka tuta ni watu wenye haki. Mtoto amegongwa akitoka shule. Majirani wanafunga barabara kwa magogo na matairi, kiongozi anakuja, anaahidi, anaondoka, na kabla ya Isha tuta la udongo limeshalala pale. Nani atawalaumu? Kibao cha 50 hakijawahi kumpunguza mwendo dereva wa daladala, na zebra imekuwa pambo la lami. Barabara imepanuliwa, njia ya waenda kwa miguu imesahaulika, askari yuko makutano mengine, na dereva wa mjini haogopi kitu kisichoweza kumvunjia gari. Akina mama wamelielewa hilo kabla ya wataalamu. Basi kazi ya trafiki, ya mhandisi na ya mwalimu wa udereva imekabidhiwa kifusi, na kifusi kinajitahidi.

Ila kinampiga asiyehusika. Daladala, na springi zake zilizoongezwa, linaruka na kuendelea. Lori halina habari. Bodaboda anapita pembeni, kwenye ule upenyo ulioachwa kwa ajili ya maji ya mvua. Anayeadhibiwa ni yule wa gari dogo, ambaye tangu mwanzo alikuwa akienda taratibu kwa sababu hana fedha ya sampo nyingine.

Na juu yao wote linapita shangingi. Chini ya Land Cruiser ya mheshimiwa kuna zaidi ya sentimita 20, na magurudumu yanayomfika mtoto kiunoni. Mheshimiwa yuko nyuma, kwenye simu, anazungumzia barabara. Simu haikatiki. Akishuka kwenye hafla atasema kwa moyo mweupe kabisa kwamba amepita njia hiyo na ameiona inapitika, naye hadanganyi, maana hakuna kitu kilichomgusa. Taarifa za ukaguzi nazo huandikwa na watu walioshuka kwenye magari ya namna hiyohiyo.

Ndiyo maana napendekeza kanuni ndogo, isiyohitaji bajeti. Barabara yoyote isipokelewe kutoka kwa mkandarasi mpaka ikaguliwe kwa gari dogo lisilo na spesa, lenye watu watano walioshiba, mkaguzi akiwa nyuma katikati, magoti yakigusa kidevu. Sampo iwe ya kwake. Safari iwe ya usiku. Natabiri kwamba rangi ya barabarani, ambayo mwaka hadi mwaka tunaambiwa haipatikani, itapatikana kabla ya mwisho wa wiki, na mtu atakumbuka alipoiweka nakala yake ya vipimo.

Maana vipimo vipo. Kuna mtaa mmoja hapa mjini, wenye kuta ndefu na miti iliyokatwa vizuri, ambako matuta yamelala kwa mapana yake, yamepigwa mistari myeupe, na kibao kimesimama kabla ya kila moja. Nilisimamisha gari nikalipima la kwanza kwa futi ya fundi. Sentimita 10, na kuvuka kwake mita tatu na nusu na ushee. Nilikuwa naandika nambari hizo kwenye risiti ya gereji wakati mlinzi alipotoka getini kuuliza ninapima nini. Tuta, nikamwambia. Akaniambia niondoe gari, wakubwa wanataka kupita.