Mto Ukikujia Hemani: Mwongozo kwa Mgeni wa Isiolo

Kimbunga usikisubiri Isiolo. Mji huu uko karibu sana na ikweta, ambako mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuupinda upepo hadi uwe kimbunga, tena bahari iko mbali. Anayemfuata mgeni huku ni mto Ewaso Ng'iro, naye hapigi hodi.

Ukifika kambini, Buffalo Springs au ng'ambo ya pili Samburu, usikimbilie hema la ukingoni. Tazama kwanza mikoma. Ukiona vijiti, nyasi kavu na kipande cha gunia vimenasa kwenye shina, juu ya kichwa chako, ujue maji yaliwahi kufika hapo. Omba hema lililo juu ya alama hiyo. Meneja akisema huko juu kuna joto, mwambie joto unaliweza.

Wala usidanganyike na anga jeupe. Mvua ya kukuzoa hunyesha Mlima Kenya na Nyandarua, maji yakapita Laikipia na kukukuta umelala. Tarehe 4 Machi 2010 mto ulifurika ghafla, ukasomba kambi za Samburu pamoja na kituo cha utafiti cha Save the Elephants, na watu wakaokolewa kwa helikopta. Kwa hiyo jioni, ukishauliza habari za chui, uliza pia kama huko juu Nanyuki kumenyesha. Usiku ukisikia mngurumo kama wa lori la mchanga likipanda mlima, acha kamera, acha viatu, kimbilia juu. Na laga, yaani mto wa msimu, ikijaa usiivuke, hata dereva akiapa kwamba anaijua.

Kuna swali moja nakusihi usiliache: wafanyakazi wanalala wapi? Mpishi, dobi na askari wa usiku wakilala chini kuliko wewe, kambi hiyo haijajiandaa.

Wafugaji wa bondeni nao hawana helikopta. Kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano ya mvua iliwapita mfululizo, mifugo ikafa. Kisha mwishoni mwa 2023 yakaja mafuriko. Wanasayansi wa World Weather Attribution walikadiria kuwa joto la dunia linaloletwa na binadamu liliongeza ukali wa mvua zile hadi maradufu. Moshi ulioleta joto hilo haukutoka kwenye maboma ya Isiolo.

Basi kabla hujalipia chumba, uliza kama onyo la mafuriko likifika kambini linapelekwa pia kwa wafugaji hao. Wakikujibu hapana, pesa zako zipeleke kambi nyingine, na uwaambie sababu.